Kutoka Kibaha Hadi Mnara wa Askari

Kimara nilibadili gari, nikapanda mwendokasi ya Kivukoni. Viti vimejaa, nikasimama njia nzima, begi nimelikumbatia kifuani. Wenzangu walikuwa wanawaza foleni ya Ubungo. Mimi nawaza mpaka ambao nilikuwa nimeshauvuka.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe. Sultani Barghash wa Zanzibar akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani, upana wake maili 10. Bara wakagawana: Mwingereza kaskazini, Mjerumani kusini, mstari ukianzia Mto Umba na kuuzunguka Mlima Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria. Kwa hesabu hiyo Kibaha nilikotoka ilikuwa ya Mjerumani, Kimara ya Sultani. Barghash angesema nini? Mwaka mmoja kabla, manowari za Kijerumani zilishatia nanga mbele ya Unguja ili akubali mikataba ambayo Mjerumani Carl Peters aliwasainisha machifu wa bara.

Nilishuka nikaenda moja kwa moja Boma la Kale, Sokoine Drive. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, mlango wa mbao wenye nakshi za Kizanzibari.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia mzee aliyekaa kivulini.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuona jengo la Mjerumani?"

Nikamwambia ni la Sultani Majid, la miaka ya 1860, Mjerumani alilikuta. Akacheka: "Basi alikuta na bandari."

Hapo ndipo penyewe. Mjerumani alikuwa na shamba kubwa lisilo na geti. Mwaka 1888 akaukodi ukanda kwa Sultani Khalifa, mrithi wa Barghash, pwani ikaasi chini ya Abushiri. Mwaka 1890 akaununua kabisa kwa marki milioni 4, akautambua ulinzi wa Mwingereza juu ya Zanzibar na kupewa kisiwa cha Heligoland, huko Bahari ya Kaskazini. (Wanaodai alibadilisha Zanzibar kwa Heligoland wanakosea: Zanzibar haikuwahi kuwa yake.) Mwaka uliofuata Dar ikawa makao makuu badala ya Bagamoyo.

Nikamalizia Mnara wa Askari. Enzi za Mjerumani hapo ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyemshinda Abushiri. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakaing'oa, na mwaka 1927 wakamweka huyu askari wa shaba, bunduki yenye singe mkononi. Ni kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo upande wa Mwingereza. Waliokufa upande wa Mjerumani, pengine ndugu wa hao hao, mnara huu hauwataji.