Jumatano yangu ya huduma, saa 54 hadi 60

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Naamka Zimmerman, mtaa wa Nairobi, giza likiwa bado zito. Leo sina kipindi chuoni, ni siku ya huduma kwa jamii. Chuo chetu kinataka saa 90, zenye sahihi na muhuri. Bila hizo huvai joho, hata uwe umepasi kila mtihani. Nimefikisha 54.

Saa kumi na mbili na robo. Matatu ya Thika Road hadi Pangani, kisha nyingine ya Juja Road mpaka Huruma. Vidole vyangu vinafanya mazoezi juu ya paja, herufi za Lugha ya Ishara ya Kenya kuanzia A.

Saa mbili. Kitengo cha viziwi ni vyumba viwili nyuma ya shule ya msingi, watoto 19 na walimu wawili. Mwalimu anayenisimamia ni kiziwi mwenyewe. Hapa kengele haina kazi. Anazima taa na kuiwasha, macho yote yanamgeukia.

Saa tatu, hesabu. Nakaa na wanne wadogo. Namuuliza msichana wa miaka minane kama ameelewa, naye ananitazama tu, anangoja. Kisha anasogea, ananishika nyusi kwa vidole vyake na kuzisukuma juu. Nimesahau uso! Swali la ndiyo au hapana huulizwa kwa nyusi. Zikilala, mikono inasema tu "umeelewa", kama taarifa. Narudia, nyusi juu. Anaitikia kwa kichwa, tunaendelea kujumlisha.

Saa nne na nusu, uji. Mwalimu ananieleza polepole ili nimfuate. Kila muhula wanakuja wanafunzi wapya wa chuo, na kila muhula watoto wanaanza nao A, B, C. Mgeni akishaweza kuzungumza, saa zake zimekwisha, anaaga. Hasemi kwa hasira. Anasema watoto wanawapenda wageni, ila wanachoka kuagwa.

Nimepiga hesabu huku kikombe kikipoa. Katika saa zangu 54, si chini ya 30 nilikuwa mwanafunzi wa watoto hawa. Kwenye fomu zimeandikwa kuwa nimewahudumia. Hilo limenikaa kooni.

Saa saba, githeri, kisha sufuria. Tunaosha.

Saa nane ni hadithi. Mvulana mmoja anasimulia mbuzi aliyeingia darasani akala daftari la mwenzake. Anakuwa mbuzi, anakuwa daftari, anakuwa mwenye daftari anayelia. Nafuata mwanzo hadi mwisho bila kumwomba mtu arudie, mara ya kwanza tangu nianze kuja. Tunampigia makofi ya viziwi, mikono juu, viganja vikipepea. Nalia kidogo, siwezi kuficha.

Saa tisa. Mwalimu anatia sahihi saa sita, kwani ya chakula haihesabiwi. 60.

Saa mbili usiku. Natakiwa kuandika tafakari ya siku kwa mhadhiri, na leo nimeandika kurasa tatu. Sipingi huduma kuwa ya lazima. Nisingelazimishwa, nisingefika Huruma. Ninachoomba ni muda. Mexico, ambako sheria ya mwaka 1945 inawadai wanafunzi huduma ya jamii, muda wake hauwi chini ya miezi sita. Sisi tunaweza kuzimaliza 90 ndani ya muhula na kutoweka. Nimependekeza anayeenda kwa viziwi akae mihula miwili, tena afundishwe ishara kabla ya kupelekwa. Katiba ya 2010 imeifanya lugha hii kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, ilhali chuoni kwetu haina hata kipindi kimoja.

Saa tatu na nusu. Nimewapigia simu wawili watakaokuja muhula ujao. Wamekubali kufika kwangu Jumamosi asubuhi. Tutaanza na herufi, halafu nyusi.