Kikombe Hicho

Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza, Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, kwamba masomo yangesitishwa nchini kote na vyuo vikuu viwe vimefungwa kufikia Ijumaa iliyofuata, mimi sikubabaika kama wenzangu. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili kwa miaka kumi na minane, na kwa karibu nusu ya muda huo nilihesabiwa miongoni mwa wahadhiri wachache wa chuo chetu, hapa kandokando ya Ziwa Viktoria, walioimudu Moodle, ule mfumo wa kufundishia ambao Martin Dougiamas wa Australia alitoa toleo lake la kwanza mwaka wa 2002. Kuimudu, nikisema ukweli, kulikuwa kuigeuza kabati: nilipakia silabasi, maelezo yangu na mitihani ya zamani, kisha nikafunga mlango.

Walionitia adabu walikuwa walimu wa shule za msingi, wale wanaosomea digrii wakati wa likizo, ambao masomo yao ya Aprili yalihamishiwa mtandaoni. Somo letu la kwanza lilikuwa viashiria. Ni somo nililolipenda kwa sababu halikunidai maandalizi. Unashika kikombe na kusema "kikombe hiki". Unamkabidhi mwanafunzi wa mstari wa mbele, kinakuwa "kikombe hicho". Unakiweka dirishani, mbali na nyote, kinakuwa "kikombe kile". Basi nikajirekodi kwa simu sebuleni kwangu, mtaa wa Mamboleo, kwa dakika arubaini, binti yangu akiwa mwanafunzi wa mstari wa mbele. Video ilifika megabaiti 400 hivi. Kuipakia kulichukua usiku mzima, stima ikipotea mara mbili.

Kesho yake, kabla ya saa nne, mwanafunzi mmoja kutoka pande za Nyando alinipigia simu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, naibu wa mwalimu mkuu, na sauti yake ilikuwa ya heshima iliyochoka.

"Daktari, habari ya asubuhi. Samahani kwa kukusumbua. Bando langu la wiki limeisha kabla hujafika dirishani. Nimekusikia ukisema 'kikombe hicho', halafu picha ikakwama. Sasa Daktari, hicho ni kipi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Baada ya simu nilifungua ripoti ya Moodle inayoonyesha nani ameingia, saa ngapi na kwa muda gani, ripoti ambayo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuitazama kwa makini. Wengi walikuwa wameifungua video na kuiacha baada ya dakika chache. Nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema: maneno 2,000 ya maandishi matupu hayazidi kilobaiti 14 au 15, kiasi ambacho simu ya mwalimu wa Nyando ingekipokea hata mtandao ukiwa unachechemea.

Nikaketi kuandika, na hapo ndipo nilipoumbuka. Rasimu ya kwanza ilikuwa mazungumzo yangu ya video yaliyonakiliwa tu, yamejaa "kama mnavyoona hapa" na "tazameni hivi", ilhali msomaji hakuwa na cha kuona wala cha kutazama. Nilipoyafuta maneno hayo yote sikubakiwa hata na nusu ya somo. Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa "hicho". Darasani nilikuwa nikikifundisha kwa mkono ulionyooshwa, na matumizi yake mengine, yale ya kurejelea kitu ambacho kimekwisha kutajwa, niliyapa sentensi moja ya haraka kengele ikikaribia. Lakini kwenye maandishi hakuna mkono. "Hicho" humrudisha msomaji kwenye sentensi iliyotangulia, na matumizi niliyokuwa nikiyafukuza mwishoni yalistahili kuwa ndiyo mwanzo wa somo. Nilikuwa nimechapisha makala kadhaa za sarufi katika majarida ya kitaaluma. Hata moja haikuwa imeandikwa kwa mtu mwenye dakika kumi, simu yenye ufa kiooni na watoto wanaosubiri chakula. Maneno 900 yalinichukua siku tatu.

Mwishoni mwa somo hilo niliweka zoezi moja: tunga sentensi tatu juu ya kitu kimoja, utumie viashiria vyote vitatu, na msomaji aelewe bila kuonyeshwa chochote.

Mvua za msimu huo hazikuwa za kawaida. Ziwa lilikuwa limefura, na mwanzoni mwa Mei wakazi wengi wa Nyando walikuwa wameyahama makwao kwa sababu ya mafuriko. Kazi ya yule mwalimu ilinifikia kwa WhatsApp, siku mbili baada ya muda niliouweka: picha ya ukurasa wa daftari la mistari, pembe moja imelowa na wino umetambaa, mwandiko ukiwa ule mnyoofu wa mtu aliyezoea ubao.

"Wiki jana tulisema maji yale, tukielekeza vidole mtoni. Juzi shemeji alipiga simu kutoka Kisumu akauliza maji hayo yamefika wapi. Leo tunasema maji haya."

Nilimpa alama zote, kisha nikampigia kumuuliza wamelala wapi.