Funguo ya tatu anayo nani?

Jumapili nilikuwa naongea na mamkubwa kwenye simu, yeye yuko Tanga mi niko Melbourne, Australia, na baada ya shikamoo na habari za mvua akauliza kazi inaendaje. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na wiki hiyo kulikuwa na babu mmoja chumba cha mwisho ameshapata kibali cha kufa kwa hiari. Nikamwambia hivyohivyo. Kimya, nikajua simu imekatika. Halafu badala ya kuanza kuniombea dua akauliza, "na hao madaktari wenu wanaangaliwa na nani?"

Sasa mumjue mamkubwa, huyu ni mshika funguo wa kikoba chao. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti na mwenyekiti hapewi hata moja. Kwa hiyo akiuliza nani anamwangalia nani hapigi stori tu.

Nikaanza kumweleza. Hapa jimbo la Victoria sheria ya mgonjwa kusaidiwa kufa kwa hiari yake ilipitishwa 2017, ikaanza kutumika tarehe 19 Juni 2019, mgonjwa ndo aombe mwenyewe tena aombe zaidi ya mara moja, madaktari wawili wampime kila mmoja kivyake waone ugonjwa hauponi na amebakiza miezi 6 (ukiwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu ni 12), mashahidi wawili, halafu maombi yaende wizarani ndo kibali kitoke, na dawa yenyewe ya kufia wanaileta wafamasia, ndani ya sanduku la kufuli. Akacheka aliposikia sanduku. Juu ya hapo kuna Bodi ya uhakiki, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Betty King, jaji mstaafu, wanapitia kila faili na wakiona kitu hakijakaa sawa wanaweza kupeleka polisi au kwa wanaosimamia leseni za madaktari.

"Wanapitia lini?"

Hapo ndo nikakwama. Maana fomu zinafika kwao kila hatua, lakini kibali hawatoi wao, na kusema kama sheria ilifuatwa au haikufuatwa inakuja mtu ameshazikwa.

Nikajitetea kwamba angalau Bodi yetu iko pembeni, sio kama ya Ubelgiji, na nikampa ile kesi ya Mortier. Mama mmoja alikuwa na ugonjwa wa sonona wa miaka mingi, akasaidiwa kufa mwaka 2012, mwanae, huyo Mortier, akaja kupewa habari kesho yake. Tume ya huko ikapitia faili ikasema safi. Kumbe daktari aliyefanya ile kazi ndiye mmoja wa wenyeviti wa tume! Fomu zao zilikuwa zinafichwa majina, na utaratibu wao ulikuwa kwamba daktari mwenye faili akiwa mjumbe hahitaji kutoka, anaweza kukaa palepale kimya. Mtoto akapeleka kesi mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, na tarehe 4 Oktoba 2022 mahakama ikasema sheria yenyewe ya Ubelgiji haina shida ila ukaguzi wake haukuwa huru. Mamkubwa hata sikumaliza, "kesi ya nyani mmempa ngedere."

Lakini mi kinachonikosesha usingizi kwa kweli sio hicho, ni Queensland, jimbo jingine la hukuhuku Australia lenye sheria kama hii, na hii sikumwambia. 2023 kule kuna bibi alishapewa kibali na dawa, kabla hajaitumia akafia hospitali, mume wake ndiye aliyeandikishwa kuwa mtu wa kurudisha dawa na sheria ilimpa hadi siku 14. Siku hazijaisha, mzee akainywa yeye. Fomu zote zilikuwa zimejazwa, saini zipo, kila karatasi mahali pake, na mtu aliyetoka kufiwa na mkewe ameachwa nyumbani na sanduku lile. Hakimu anayechunguza vifo aliikosoa sheria kwa hilo. Hapa kwetu sheria ya 2017 inampa mtu siku 15.

Mi sipingi hii sheria, nimekaa na watu usiku wa maumivu ambayo dawa hazigusi, sina mdomo wa kumwambia mtu vumilia. Ila ukaguzi wa karatasi peke yake hauoni nyumba ile wiki ile ya matanga. Wafamasia wameweza kuja kuileta, kwa nini kurudisha aachiwe mfiwa? Waje kesho yake wachukue, basi, na Bodi iwe inauliza hilo kwanza kabla ya kuangalia saini.

Babu bado yupo. Jana kaomba chai ya maziwa na kaniuliza kama kwetu mvua zimeanza.