Ubao Hausomi Kabla ya Jumanne

Msimu wa 2024/25 nilibebeshwa kazi ambayo wenzangu wote waliikimbia: kuandika matokeo ya kila wiki ya ligi yetu ya fantasi ya soka la Uingereza. Mimi ni wakala wa pesa hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, na nachaji simu za watu. Wakasema basi huyu hesabu anazo na umeme anao. Ubao ukatundikwa ubavuni mwa kibanda changu. Chaki nikanunua mwenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo: unapewa milioni 100 za kuchezea, pauni za kwenye simu tu, unanunua wachezaji 15, wasizidi watatu wa klabu moja. Wanachofanya uwanjani ndicho kinachokupa pointi. Wengi hucheza ligi ya kujumlisha. Yetu ni ya ana kwa ana: kila raundi unapangiwa mtu mmoja, ukimzidi unachukua 3, mkilingana kila mmoja anaondoka na 1. Ndiyo maana ina kelele. Kwenye ligi ya kujumlisha unaweza kuwa wa saba ukalala usingizi wako, lakini hii aliyekufunga anapita mbele ya kibanda chako asubuhi, na anapita polepole.

Tulikuwa 11. Kwa kuwa idadi ni witiri, mchezo wenyewe uliongeza timu ya 12 isiyo na mwenyewe, inaitwa Wastani. Kila wiki mmoja wetu anapambana nayo. Kufungwa na Wastani ni aibu ambayo haina pa kuipeleka, maana hata wa kumlalamikia hayupo. Fundi mmoja wa nyavu alifungwa nayo mara mbili. Mpaka leo akisalimia kijiweni anaitikiwa, "Wastani hajambo?"

Utauliza ubao wa nini wakati simu inaonyesha kila kitu. Bando. Watu wanawasha intaneti kubadili kikosi, wanazima. Jumapili usiku wanaangalia mechi kibanda umiza, kile cha kulipia kiingilio, asubuhi wanataka kujua nani kamla nani kabla ya kushuka mwaloni. Na msimu huo Pamba Jiji, timu yetu ya Mwanza, ilikuwa imerudi Ligi Kuu ya Tanzania, kwa hiyo wikiendi ikicheza uwanja wa CCM Kirumba, hao wa Uingereza nawafuatilia mimi peke yangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Kulikuwa na pambano la mzee mmoja muuza kayabo, samaki wa chumvi, ambaye timu yake ameiita Kayabo, na dogo wa bodaboda mwenye timu ya Furu. Jumapili usiku nikaangalia simu: Kayabo 57, Furu 54. Jumatatu kulikuwa na mechi moja, lakini hakuna kati yao aliyekuwa na mchezaji humo. Nikaona hapa kazi imeisha, nikaandika. Alfajiri mzee akapita, akasoma ubao, akanunulia watu soda. Sanduku zima.

Jumanne dogo akaja na simu mkononi. "Kaka, hebu futa hapo."

Kumbe kapteni wake, yule ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili, hakugusa uwanja kabisa wiki ile. Kapteni asipocheza, pointi za msaidizi wake ndizo zinazozidishwa mara mbili, na nafasi yake anaingia mtu wa benchi. Ila hayo yote hayafanyiki mpaka mechi ya mwisho ya raundi iishe. Msaidizi alikuwa na 7, zikawa 14. Wa benchi akaleta 2. Jumla 63. Na kwa mzee kulikuwa na jingine ambalo sikulitazama: alikuwa amezidisha badiliko moja la mchezaji juu ya yale ya bure, na kila moja la ziada linakatwa pointi 4. Zile 57 nilizosoma zilikuwa kabla ya makato. Alikuwa na 53. Kwa hiyo sikukosea kidogo. Nilikuwa nimempa ushindi mtu aliyefungwa kwa pointi kumi.

Nikaenda mezani kwake mwenyewe. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mwanangu, ubao ukishasema umesema. Mimi soda nimeshanunua."

Ilichukua siku mbili na nusu kreti ya soda, safari hii kwa pesa yangu, mpaka akakubali nifute. Tangu hapo nikaandika juu kabisa ya ubao, kwa rangi na si chaki: MATOKEO NI JUMANNE. Jumapili naandika herufi ndogo "bado", na nasoma kwenye jedwali la mapambano lenyewe, ambako makato yameshafanyika, badala ya kufungua timu ya mtu mmoja mmoja. Kelele zilipungua karibu zote. Zilizobaki ni za watu wanaopenda kelele.

Halafu watu wakaanza kunijia wakiwa na swali la kapteni. Msimu ule Salah wa Liverpool alimaliza na pointi 344, hakuna mchezaji aliyewahi kufika huko, na nusu ya kijiwe walimvisha kitambaa kila wiki. Sasa kwenye ana kwa ana, mkiwa naye wote wawili kama kapteni, ni sawa na hamna. Anafuta pande zote. Nikaanza kuandika chini ya kila pambano kapteni wa kila mmoja mara baada ya muda wa kubadili kufungwa, na watu wakagundua kwamba pambano lao liko kwa kipa na beki wa tatu ambao hawakuwahi kuwafikiria. Hiyo kwangu ndiyo ilikuwa raha ya ubao, kuliko hata matokeo.

Kuna wavuvi wawili wa dagaa ndani ya ligi. Giza likiwa la kutosha wako kambini visiwani na taa zao. Mbalamwezi ikijaa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, nao wanarudi mjini. Basi matokeo yao yalikwenda na mwezi. Giza, wanapoteza na majeruhi wanne kikosini. Mbalamwezi, wanafunga watu ovyo. Waliniomba niwabadilishie timu wakiwa ziwani, nikakataa, maana mimi pia ni mshindani na wiki yoyote naweza kupangiwa na mmoja wao. Wakamwachia mama anayeuza uji na chapati pembeni yangu, ambaye hakuwa kwenye ligi. Walimpa nywila na maagizo kwenye karatasi. Baada ya mwezi mmoja aliacha kuisoma karatasi.

Mama huyo ndiye aliyetuokoa Aprili. Muda unafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza, na majira yote ya baridi tulizoea Jumamosi saa 8 mchana. Mwishoni mwa Machi Uingereza husogeza saa mbele, sisi hatusogezi, kwa hiyo inakuwa saa 7. Mimi nilisahau. Watu sita walisahau. Yeye alikuwa ameuliza mapema, akabadili timu za wavuvi wake saa 5 huku anakaanga chapati, na wote wawili wakashinda wakiwa majini.

Agosti 2025 akajiunga kwa jina lake. Tukawa 12, Wastani akatoweka. Raundi ya kwanza ratiba ikanipangia yeye. Msimu huo walikuwa wameleta kanuni mpya: beki akifikisha vitendo 10 vya kuzuia, kama kuondosha hatari na kunyang'anya mpira, anapata pointi 2 hata timu yake ikifungwa. Mimi niliisoma nikaipita. Yeye alipanga mabeki watano.

Jumanne nilichelewa kufungua. Nilipofika, chaki alikuwa nayo yeye.