Koleo si mkono wa dirisha

Mwezi wa saba mwaka jana, kusi ikivuma kwa nguvu zake zote, nilipigiwa simu asubuhi na mzee mmoja wa upande wa Casuarina, hapa Malindi. "Fundi, njoo umtoe mke wangu jikoni." Nikafunga karakana, nikapanda tuktuk na mfuko wa vifaa, njia nzima nawaza kitasa kilichogoma. Kufika, mlango wa jikoni u wazi na Bi Mkubwa ameketi barazani anajifuta macho kwa ncha ya leso. Ndani, moshi wa samaki umetanda mpaka darini. Kilichogoma ni dirisha.

Mzee huyu alifanya kazi Marekani miaka mingi, na aliporudi kujenga alirudi na kontena. Ndani ya kontena mlikuwa na friji kubwa kama kabati la bibi harusi, vitanda, na madirisha kumi na mawili ambayo mimi, fundi wa miaka ishirini, sikuwa nimewahi kuyagusa. Ubawa wa kioo una bawaba ubavuni na hufunguka kwenda nje, lakini hausukumwi kwa mkono. Chini, kwenye kizingiti, kuna kijisanduku cha chuma chenye mkono mdogo kama wa mashine ya kusagia nyama. Ukiuzungusha, dirisha linatoka nje polepole. Ukiuzungusha kinyume, linarudi.

Niseme ukweli, mara ya kwanza nilicheka moyoni. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu. Ufundi nilifunzwa na mjomba wangu, na kwetu dirisha lina mbao mbili, bawaba, na kulabu. Nyumba za mawe za Amu zenyewe hazina haja kubwa ya madirisha ya barabarani. Hewa huingia kwa kiwanda, yaani ua wa ndani, na upande wa njia ni ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, wapita njia wasione ya watu. Mji ule UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sidhani kama walikuta hata dirisha moja la kuzungusha. Bibi yangu kufunga dirisha lake ilikuwa ni kuniita, "Ndoo, vuta huo ubao," yaani njoo, basi.

Lakini hebu tazama dirisha la kawaida la nyumba za siku hizi, hapa Malindi au popote Kenya. Ni fremu ya chuma inayofunguka nje, nondo za kuzuia wezi zimechomelewa kwa ndani, na kile kipini kirefu chenye matundu cha kushikia dirisha lisipigwe na upepo. Kufunga, unapenyeza mkono katikati ya nondo mpaka kwapani, unakitafuta kipini, unakichomoa, unavuta. Sasa weka na wavu wa mbu. Utauweka wapi? Ukiwa nje, dirisha halifunguki. Ukiwa ndani, mkono haupiti. Ndiyo maana nyumba nyingi utakuta wavu umechanwa pembeni, tundu la kutosha ngumi, na mbu wanapita hapo hapo kama abiria wa stendi.

Kijisanduku cha Mzee kinamaliza ugomvi huo wote. Mkono wa kuzungusha uko ndani, wavu uko ndani pia ukiwa mzima, nondo ziko mahali pake, na dirisha linafunguka huko nje bila mtu kunyoosha kiganja. Jikoni ndiko faida inaonekana zaidi, kwa sababu dirisha liko nyuma ya sinki, na Bi Mkubwa ni mfupi. Akisimama pale, mkono wake unafika kwenye kizingiti, haufiki kwenye kioo.

Siku ile hakukuwa na mkono. Palikuwa na kichuma kifupi kimechomoza peke yake, kinene kama kidole changu cha mwisho. Nikauliza mkono uko wapi. Bi Mkubwa akaenda kabatini, akaleta kopo la biskuti, akalitikisa. Mikono yote ya madirisha ya chini ilikuwa humo. Wajukuu wakija likizo huizungusha kutwa, basi huichomoa na kuificha. Na wajukuu wakishaondoka?

"Natumia koleo, mwanangu. Ndiyo iko karibu."

Nikainama nikitazame vizuri kile kichuma. Kikiwa kizima huwa na mistari midogo iliyochongwa kukizunguka, kama ukingo wa sarafu, na ndani ya mkono kuna mistari kama hiyo. Ndiyo inayokamatana. Halafu skrubu moja ndogo hukazwa ubavuni mkono usichomoke. Hiki cha jikoni kilikuwa kimetafunwa na koleo mpaka kimekuwa laini na cha duara, kinang'aa upande mmoja na kutu upande wa pili. Nikavisha mkono, nikazungusha. Mkono unakwenda, kichuma kimetulia.

Nikafungua skrubu nne za kijisanduku ili nikisukume nje pamoja na ubawa. Hapo nilifanya kosa la mtu anayedharau kitu asichokijua. Nilipoinua tu, kusi ikaudaka ule ubawa ukanitoka mkononi, ukapiga ukutani kwa nje, ukarudi ukanigonga kifundo cha mkono. Mzee akashika fremu, mimi nikatoka mbio nje nikaubana kwa bega, Bi Mkubwa akavua leso yake ya pili akatupatia tukaufunga kwenye nondo. Watu wazima watatu na leso moja, na bado kioo kilikuwa kinatetemeka. Nikawaza, kumbe kazi hii yote, kila siku, inafanywa na kile kidude cha ukubwa wa kitabu.

Basi jioni nikakifungua karakana kwa heshima.

Ndani hakuna mengi. Kile kichuma cha mkono kikiingia ndani kinakuwa kama parafujo nene, mizingo yake imelala juu ya gurudumu lenye meno. Ukizungusha mkono mara moja kamili, gurudumu linasogea jino moja tu. Ndiyo maana dirisha linakwenda pole pole, na ndiyo maana mtoto wa miaka sita anaweza kulifungua likiwa na kioo kizito na upepo juu yake. Kutoka kwenye gurudumu kuna mkono wa chuma mrefu, mwishoni una kipira cha plastiki kinachotembea ndani ya reli iliyofungwa chini ya ubawa. Mkono unazunguka, kipira kinateleza, dirisha linasukumwa.

Uzuri wenyewe ni kwamba mwendo huu hauendi kinyume. Parafujo inaweza kulisukuma gurudumu, gurudumu haliwezi kuisukuma parafujo, linaigandamiza tu. Kwa hiyo dirisha ukiliacha nusu linabaki nusu. Upepo ukivuta au ukisukuma, nguvu yake inafika kwenye meno na kuishia pale. Hakuna kipini, hakuna kulabu.

Anayepiga muziki atanielewa haraka. Mjomba alikuwa na jirani mpiga udi, na kabla ya kila wimbo mzee wa watu alikuwa akibana vile vigingi vya mbao na kuvisukuma kwa kiganja, maana vimeshikwa na msuguano tu, na hulegea. Mwenye gita hana shida hiyo. Tazama nyuma ya kichwa cha gita, chini ya kila kikazio: kiparafujo na kigurudumu cha meno, kitu kile kile. Uzi unavuta usiku kucha na hauwezi kujifungua. Madirisha ya Mzee yana udugu na gita. Lile la bibi yangu ni udi.

Lakini hicho cha jikoni kilikuwa kimekufa, na si kwa koleo peke yake. Kijisanduku chenyewe ni aloi ya zinki, na chumvi ya bahari ilikuwa imekigeuza unga mweupe kama ule unaouona kwenye betri kuukuu. Mizingo ya parafujo ilikuwa na kutu. Na juu ya yote, mafuta yaliyoganda rangi ya asali. Nikanusa. Mafuta ya kupikia. Dirisha likikaza, Bi Mkubwa alikuwa analimiminia yaliyobaki kwenye kikaango.

Kosa jingine, na hili nimelikuta karibu kila dirisha la nyumba ile: watu wanaukaza mkono kama wanafunga bomba la maji. Dirisha hili lina vitu viwili. Mkono kazi yake ni kulileta mpaka liguse fremu, unasimama hapo. Kulibana kwenye mpira ni kazi ya komeo la pembeni, kile kishikio unachokishusha chini. Ukilazimisha mkono ufanye kazi ya komeo, unatafuna meno. Na ukisahau kuinua komeo halafu ukazungusha kufungua, unatafuna vile vile, upande wa pili wa jino. Nilimwonyesha Mzee. Akaniangalia kama nimemfichulia siri ya ndoa yake. Miaka yote hiyo alidhani komeo ni la wezi.

Sasa, kipuri. Malindi hakipatikani, na Mombasa nilizunguka siku nzima bure. Duka moja waliniuzia skrubu badala yake, stenlisi, muuzaji akapitisha sumaku kunionyesha haishiki, eti ndiyo dalili kwamba hazitashika kutu. Sumaku kweli haikushika. Ndani ya mwezi zilikuwa na madoa rangi ya chai yanatiririka ukutani. Sumaku haiwezi kukuambia kama ni daraja la 304 au la 316, na baharini tofauti ndiyo hiyo: 316 imetiwa molibdeni, inavumilia chumvi zaidi. Siku hizi nauliza namba, sumaku wabaki nayo.

Kijisanduku chenyewe tukamwagiza mpwa wa Mzee aliye kule Marekani. Vina upande, cha kushoto na cha kulia, kutegemea bawaba ziko wapi, wala huwezi kukigeuza kimoja kikawa cha pili. Nikasimama jikoni, nikatazama nje, nikaandika "kushoto". Tukangoja wiki tisa. Bi Mkubwa alikaangia uani wiki hizo zote, na hakunyamaza kuhusu hilo. Kikaja kwenye begi la mtu aliyekuja harusini, kimefungwa vizuri, kipya, cha upande usiofaa. Aliyekiuza kule huhesabu upande akiwa amesimama nje anatazama ndani. Mimi nilihesabu nikiwa ndani natazama nje. Sote wawili tulisema kweli.

Mzee hakunigombeza, akasema tu, "Fundi, kushoto kwa nani?" Ningependa angenigombeza.

Hicho kipya nikakiweka chumba chao cha kulala, ambako dirisha lilikuwa la upande huo na mashine yake inaanza kukwaruza. Kwa jikoni, nikapanda juu chumba cha wageni, kule mashine haijaguswa tangu kontena lifunguliwe, ya upande ule ule wa jikoni. Nikafungua dirisha lile wazi kabisa mpaka kipira kikafika kwenye pengo la reli, kikachomoka chenyewe bila kulazimishwa, nikang'oa skrubu, nikashuka nayo. Nikaiosha kwa maji baridi, nikaikausha juani, nikaitia matone ya mafuta ya cherehani kwenye mizingo. Reli nikaipaka nta ya mshumaa, kwa sababu grisi kwenye reli hukusanya mchanga, na mchanga wa Malindi ukichanganyika na grisi unakuwa msasa.

Mkono nikauvisha, nikaikaza ile skrubu ndogo, nikamwomba Bi Mkubwa apande kwenye kigoda ajaribu. Akakataa kigoda. Akanyoosha vidole viwili tu akazungusha. Nilihesabu kimoyomoyo, mizunguko kumi na minne mpaka likafunguka lote. Upepo ukaingia, akacheka, akazungusha kinyume dirisha likarudi, kisha akalifungua tena bila sababu.

Koleo nimeliomba, amenipa. Kopo la biskuti limebaki tupu, mikono yote iko mahali pake, na wajukuu wameambiwa dirisha la jikoni ni la nyanya.

Kimebaki chumba cha wageni. Ubawa wake sasa unashikwa na kulabu ya shaba niliyoletewa kutoka Amu, mfano wa zile za mjomba, na wageni wakilala kule kusi ikianza kuvuma unaisikia ikigonga usiku kucha, tak, tak, tak. Mashine nyingine imeshaagizwa. Safari hii sikuandika kushoto wala kulia. Nimechora dirisha, bawaba nimezitia wino mwekundu, na upande wa ndani nimemchora mtu mfupi mwenye leso, amesimama mbele ya sinki.