Kucha kumi, mbuga nzima

Jana umeme haukukatika hapa Mwanga, nikasema leo kucha najipaka mwenyewe. Rangi za jeli, taa ndogo ya kukaushia, kijiti cha meno, basi. Vidole vikapata wanyama: gumba chui, cha shahada pundamilia, cha kati twiga, kidogo nyeusi tupu.

Chui usimchoree duara kamili. Weka doa la kahawia, lizungushie nyeusi iliyokatika-katika, kama herufi C mbili zinazotazamana. Tabaka jembamba, sekunde 60 kwenye taa. Ukipaka nene inajikunja.

Shughuli ikawa mkono wa kulia, maana hapo nachora kwa kushoto, mkono nisiouzoea! Twiga katoka kama dagaa. Mama kaangalia weee, kauliza: "Na hizo ndo utaparulia migebuka?"

Nimeparua samaki hao, mama. Chui hajabanduka.