Kabla hujaanza Tikhi Don

Wengi huiacha Tikhi Don (Don Tulivu), riwaya ya Mrusi Mikhail Sholokhov, katika kitabu cha pili kati ya vinne, pale mapinduzi ya 1917 yanapoingia na majenerali kina Kornilov na Kaledin wanaanza kupishana. Tatizo huanzia nyuma zaidi: mwanzo wameusoma kama hadithi ya mapenzi ya Grigori Melekhov na Aksinya, mke wa jirani, wakaruka mambo ya ardhi na farasi.

Usiyaruke. Mkosaki, yaani mkulima-askari wa kando ya mto Don, alipata fungu la ardhi, na kwa hilo alidaiwa utumishi wa jeshi, akienda na farasi, sare na upanga wa kujinunulia. Farasi akikataliwa, hasara ni ya ukoo. Soma taratibu ukaguzi wa vifaa vya Grigori. Ofisa anahesabu misumari ya kwato, anapata 23, anafoka. Grigori anakunjua pembe ya kitambaa: wa 24 huo hapo. Vidole vyake vyeusi, vigumu, vinagusa vidole vyeupe vya ofisa, na ofisa anauvuta mkono upesi, anaufuta kwenye koti na kuvaa glovu. Chuki ya Grigori kwa mabwana wa jeshi, hata atakapopigana upande wao, imeshapandwa hapo.

Ukiwa na hilo, kuhama kwake upande katika vita vya wenyewe kwa wenyewe hakutakuchanganya. Mwanzoni mwa 1918 yuko na Wekundu (wapiganaji wa Wabolsheviki), lakini huko Glubokaya anashuhudia kiongozi wao Podtyolkov akiwaua mateka maofisa, na moyo unamtoka. Miezi michache baadaye Podtyolkov mwenyewe ananyongwa kijijini Ponomaryov, Grigori akiwepo. Sura hizi mbili zisome kwa pamoja. Kwangu mimi ndizo uti wa mgongo wa kazi nzima. Machi 1919 Wakosaki wa Don ya juu wanaasi, baada ya agizo la Wekundu wa Moscow la Januari kuleta mauaji vijijini, na Grigori anaongoza divisheni ya waasi. Machi 1920, katika bandari ya Novorossiysk, meli za Weupe, maadui wa Wekundu, zinaondoka bila yeye; anajiunga na wapanda farasi Wekundu wa Budyonny.

Majina nayo huwachosha watu bure. Grishka na Grigori ni mtu mmoja. Mishka ni Mikhail Koshevoi. Pantelei Prokofievich maana yake ni Pantelei mwana wa Prokofi, basi jina la pili linakutajia baba. Andika familia tatu kwenye karatasi: Melekhov (ya Grigori), Astakhov (ya Aksinya na mumewe), Korshunov (ya Natalya, mke wa Grigori). Zinatosha.

Kwa anayesoma Kiingereza, angalia mfasiri kabla ya kulipa. Tafsiri ya Stephen Garry imepunguzwa, tena imegawanywa: And Quiet Flows the Don inaishia 1918, na nusu ya pili inauzwa kama The Don Flows Home to the Sea. Ukiweza, tafuta ya Robert Daglish, yenye vitabu vyote vinne.